Baada ya kutolewa kizazi: bidoni ya maji ingoje, misuli ianze kazi

Makala hii ni ya mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa kutolewa kizazi, au anayengoja kufanyiwa. Ni ya mume wake pia, na mama mkwe, na watoto wakubwa, na jirani wa nyumba ya pili, kwa sababu kupona kwake kunategemea sana nani atachota maji ya nyumba hiyo katika wiki sita zinazofuata. Kama husomi mwenyewe bali unasomewa, mwombe anayekusomea aende polepole akifika kwenye mazoezi, ili uyajaribu hapo hapo ulipokaa. Hakuna atakayeona.

Kizazi hutolewa kwa sababu nyingi. Kuna mama mwenye uvimbe ndani ya kizazi unaomtoa damu kila mwezi mpaka anaishiwa nguvu. Kuna ambaye kizazi chake kimeshuka na kuchungulia nje. Kuna mwenye saratani. Na kuna mama aliyekwenda tu kujifungua: uchungu ukakaa muda mrefu, kizazi kikapasuka, au damu ikakataa kukatika baada ya mtoto kutoka, na daktari akalazimika kukitoa usiku ule ule ili kumwokoa. Huyu huamka wodini na kuambiwa habari ambayo hakuitarajia, na mara nyingine haambiwi vizuri. Kama ni wewe, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Usione haya kuuliza mara ya pili.

Kilichotolewa na kilichobaki

Kizazi kisicho na mimba ni mfuko mdogo, karibu ukubwa wa ngumi. Kikitoka hakiachi shimo tupu tumboni kama watu wanavyosema. Utumbo na kibofu cha mkojo husogea na kujaza nafasi hiyo. Uke unabaki mahali pake. Kama mlango wa kizazi nao umetolewa, sehemu ya juu ya uke hushonwa ikafungwa. Hutapata hedhi tena wala mimba. Lakini wewe ni mwanamke kama ulivyokuwa jana. Hayo maneno ya bombani kwamba fulani "amekuwa mwanamume" au "amebaki nyumba isiyo na kitu" hayana msingi wowote, na yamewaumiza wengi kuliko kisu cha daktari.

Mama aliyetolewa kizazi wakati wa kujifungua anaweza kumnyonyesha mtoto wake bila shida. Maziwa hayatoki kwenye kizazi.

Kabla hujaondoka hospitali uliza mambo matatu: kizazi kimetolewa kwa sababu gani, mlango wa kizazi umeachwa au umeondolewa, na vifuko vya mayai vimebaki au vimetoka. Omba yaandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa, na karatasi hiyo uitunze pamoja na kadi ya mgao, ndani ya mfuko wa nailoni usioingiza mvua. Ni muhimu kwa sababu mwenye mlango wa kizazi bado anahitaji kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kama wanawake wengine. Naye aliyetolewa vifuko vyote viwili vya mayai huenda akaanza kupata joto la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi, hata kama ana umri mdogo. Si uchawi, wala si malaria isiyokwisha. Afike kituo cha afya, aeleze.

Ndani hupona nyuma ya nje

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Ngozi ya tumbo hufunga mapema. Wiki mbili hivi zikipita, nyuzi zimetoka, kovu limekauka, na majirani wanasema, "Huyu amepona." Ndani bado. Nyama za chini ya ngozi, na pale juu ya uke paliposhonwa, huchukua wiki sita hadi nane kushikana vizuri, na nguvu kamili huja baadaye zaidi. Aliyetolewa kizazi kwa njia ya uke hana hata kovu tumboni, na huyo ndiye hudanganyika zaidi, maana hana anachokiona cha kumkumbusha.

Sasa fikiria bidoni. Bidoni ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu plastiki yenyewe. Ukiinyanyua kutoka chini unabana pumzi, tumbo linakaza, na nguvu yote inasukuma kwenda chini, pale pale penye nyuzi. Shirika la UNHCR hulenga kila mtu kambini apate lita 20 za maji kwa siku. Kwa familia ya watu sita hiyo ni lita 120, yaani bidoni sita, na kila bidoni hunyanyuliwa zaidi ya mara moja: bombani, njiani ukishapumzika, na nyumbani. Mama aliyetoka hospitali wiki iliyopita hawezi kubeba hata moja kati ya hizo sita. Asijaribu.

Basi familia ikae ipange kabla ya siku ya upasuaji, au mara tu mama anaporudi ikiwa upasuaji ulikuwa wa dharura. Nani atachota asubuhi? Nani ataleta kuni? Nani atatwanga sombe, nani atafua mashuka? Kijana wa kiume wa miaka 16 ana mikono miwili na haimpunguzii heshima kuonekana bombani. Penye baiskeli, mtu mmoja huleta bidoni tatu kwa safari moja. Lakini mtoto wa miaka saba asipewe bidoni kubwa kwa kuwa mama yake anaumwa. Apewe kidumu kinacholingana naye.

Kwa mama anayeishi peke yake na watoto wadogo, ushauri wetu ni mmoja: mwone mhudumu wa afya wa jamii au kiongozi wa mtaa wako mapema, na ueleze una wiki sita za kutobeba. Huna haja ya kumtajia kila mtu ugonjwa wako; inatosha kusema umefanyiwa upasuaji wa tumbo, na karatasi ya hospitali uwe nayo mkononi. Ofisi ya huduma za jamii hushughulikia watu wenye mahitaji maalumu, na mara nyingi mtu mwingine anaweza kuandikishwa akuchukulie mgao. Uliza kabla ya siku ya mgao. Foleni ikishapangwa na jua limewaka, hakuna mwenye muda wa kusikiliza maelezo.

Ni uzito gani basi unaruhusiwa? Kama daktari wako hakukuambia vingine, wiki tatu za kwanza usinyanyue kitu kinachozidi kidumu cha lita tatu. Kuanzia wiki ya nne hadi ya sita unaweza kufika lita tano, kwa mikono miwili, ukikiweka karibu na mwili. Kunja magoti badala ya kuinama kwa mgongo, na toa pumzi wakati unanyanyua, usiibane.

Mtoto naye ni mzigo, ingawa hakuna mama anayependa kusikia hivyo. Mtoto wa mwaka mmoja ana karibu kilo tisa. Kaa chini, mtu mwingine amweke mapajani pako, umpakate hapo utakavyo. Kumfunga mgongoni kungoje mpaka wiki ya sita ipite. Kichanga cha kilo tatu hakina tabu, mradi ukipewa ukiwa umekaa.

Siku za kwanza nyumbani

Usilale siku nzima ukidhani ndiyo kupona. Damu ikisimama miguuni huweza kuganda, na bonge la damu likisafiri hadi kwenye mapafu huua. Kwa hiyo, tangu ukiwa kitandani hospitalini, vuta vidole vya miguu kuelekea kwako kisha visukume mbali, na uzungushe vifundo vya miguu, mara kumi kwa kila mguu, kila saa ukiwa macho. Simama na utembee hatua chache mara tu wauguzi wanapokuruhusu.

Kuamka kutoka kwenye mkeka kuna ufundi wake. Usijiinue kifua mbele kama mtu aliyeshtuka usingizini. Kunja magoti, jigeuze ubavu mwili wote kwa pamoja, jisukume kwa mikono mpaka upige magoti, kisha weka mguu mmoja mbele na ushike kigoda au mtu akushike mkono. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, kunja kitenge kiwe kama mto mdogo, kikandamize polepole juu ya kidonda, ndipo ukohoe.

Kwenye choo cha shimo kuchutama si kosa, shida ni kushuka na kuinuka. Mwombe mtu wa nyumbani achimbie mti imara pembeni au afunge kamba ya kushika. Usiku tumia ndoo yenye kifuniko ndani ya nyumba. Ni salama zaidi kwako kwa kila namna.

Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kikaushwe kwa kitambaa safi kwa kugusagusa bila kusugua. Usipake majivu, wala dawa ya meno, wala usifungue vidonge vya rangi mbili ukamwagia unga wake juu. Kuhusu kukandwa kwa maji ya moto: tunajua bibi zetu hukanda kwa upendo, lakini tumbo lililopasuliwa halikandwi, na mwanamke aliyeshonwa ndani hakalii maji yenye majani wala haingizi dawa yoyote ukeni. Na kitenge cha kufunga tumbo? Ukikifunga kilegevu ili kikuegemeze unapotembea, hakina neno. Ukikikaza mpaka pumzi inakata, unalisukuma tumbo lote lishuke chini, na huko chini ndiko tusikotaka kusukuma.

Mbeleko iliyo ndani ya mwili

Chini kabisa ya nyonga, kati ya mfupa wa mbele na mfupa wa mkia, kuna misuli iliyotandazwa kama kitambaa. Wataalamu huiita misuli ya sakafu ya nyonga. Sisi katika makala hii tutaiita misuli ya mbeleko, kwa sababu kazi yake ni ile ile ya kitenge kinachombeba mtoto mgongoni: imebeba kibofu, uke na utumbo wa chini, na ina matundu matatu yanayopita humo. Mbeleko ikilegea fundo, mtoto hushuka. Misuli hii ikilegea, mkojo huponyoka ukicheka au ukikohoa, upepo hutoka bila ruhusa, na unahisi uzito kama kuna kitu kinataka kudondoka.

Wengi wetu misuli hii ilichoka zamani, kabla ya upasuaji wowote. Uzazi wa mara nyingi, uchungu wa muda mrefu, miaka ya kubeba mizigo mizito, kikohozi cha moshi wa jikoni, choo kigumu cha kila siku, vyote huilegeza. Upasuaji wa kutoa kizazi huongeza uchovu, kwa kuwa baadhi ya kamba zilizokuwa zikishikilia kizazi zimekatwa. Na kama kizazi chako kilitolewa kwa sababu kilishuka, elewa kwamba misuli iliyokiacha kishuke bado ndiyo hiyo hiyo.

Habari njema ni kwamba huu ni msuli kama wa mkono, unapata nguvu ukifanyishwa kazi. Daktari mmoja Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi haya mwaka 1948 baada ya kuwafundisha wanawake waliovuja mkojo, na mpaka leo ndiyo tiba ya kwanza inayopendekezwa kwa kuvuja kwa namna hiyo. Hayahitaji dawa, mashine wala pesa.

Yanafanywaje? Ngoja kwanza mpira wa mkojo uwe umetolewa na uwe umekojoa vizuri mwenyewe. Lala chali, magoti yamekunjwa, au kaa vizuri kwenye kigoda. Sasa fikiri uko kanisani au msikitini, na upepo unataka kutoka. Bana njia ya nyuma kuuzuia. Hapo hapo, bana na njia ya mbele kama unazuia mkojo. Utahisi kitu kinakaza na kupanda juu kuelekea ndani. Hicho ndicho tunachokitafuta. Matako yasikaze, mapaja yasibanane, uso usikunjwe, na pumzi iendelee kuingia na kutoka. Kama umebana pumzi umetumia nguvu ya tumbo, na unasukuma chini badala ya kuvuta juu. Anza tena polepole.

Bana hivyo ukihesabu mpaka tatu, kisha achia kabisa, na upumzike kwa hesabu kama hiyo au zaidi. Kuachia nako ni zoezi. Rudia mara tano mwanzoni. Siku zinavyokwenda, panda hadi kuhesabu tano, kisha saba, mpaka ufike kumi, na marudio yawe kumi. Ukimaliza hayo ya polepole, fanya mengine kumi ya haraka: bana, achia, bana, achia. Hiyo ni zamu moja. Kwa siku fanya zamu tatu. Ukisikia maumivu makali, acha, na umweleze muuguzi.

Wengi hufundishana kukata mkojo katikati kila wanapokojoa. Tafadhali usifanye hivyo kuwa zoezi. Kibofu kinaweza kubaki na mkojo, nao huleta maambukizi. Kojoa mpaka uishe.

Usikate tamaa wiki ya pili ukidhani hayafanyi kazi. Msuli haujengwi kwa siku kumi. Hesabu miezi mitatu ya kila siku ndipo uyapime. Na tangu mwanzo jizoeze jambo hili: bana kabla hujakohoa, kabla hujapiga chafya, kabla hujainuka. Ni kama kukaza fundo la mbeleko kabla hujaruka mtaro.

Kuna akina mama ambao kuigusa sehemu hiyo hata kwa mawazo tu huwarudishia mambo mabaya waliyotendewa njiani au vitani. Kama ni hivyo kwako, hulazimiki kuendelea peke yako. Kituo cha afya kina mshauri au muuguzi wa kike anayetunza siri. Zungumza naye kwanza, mazoezi yatafuata kwa mwendo wako.

Kutembea na mazoezi mepesi

Kutembea ndiyo dawa bora ya wiki hizi. Wiki ya kwanza zunguka nyumba dakika tano, mara kadhaa kwa siku. Wiki ya pili na ya tatu fika dakika 10 au 15, asubuhi na jioni. Wiki ya sita wengi huweza nusu saa. Tembea mikono mitupu, njia ya tambarare, na uvae viatu visivyoteleza, hasa wakati wa mvua. Kipimo ni rahisi: uweze kuzungumza huku unatembea, na kesho yake usiamke na maumivu kuliko jana. Ukiamka nayo, punguza siku moja au mbili, usiache kabisa.

Ukiwa umelala chali na magoti yamekunjwa, unaweza kuuvuta mgongo wa chini uguse mkeka, tumbo likiingia ndani kidogo, kisha uachie. Unaweza pia kuyalaza magoti yote mawili upande mmoja polepole, halafu upande wa pili. Mara tano hadi kumi zinatosha. Huu husaidia mgongo na upepo uliojaa tumboni. Usijiinue kichwa na kifua ukiwa chali, usiinue miguu yote miwili kwa pamoja, na usiruke.

Anayeswali na aswali akiwa amekaa mpaka kusujudu kusimuumize. Anayeimba kwaya aimbe amekaa, kucheza kungoje. Pikipiki kwenye barabara ya mashimo ziepuke wiki sita hizi kadiri inavyowezekana.

Choo kigumu na kikohozi

Kujikamua chooni husukuma chini karibu sawa na kubeba bidoni. Kwa hiyo kunywa maji ya kutosha, hata kama unavuja mkojo. Akina mama wengi huacha kunywa ili wasivuje, na matokeo yake mkojo unakuwa mkali, kibofu kinawashwa, choo kinakauka, na shida zinakuwa mbili. Maharage ya mgao husaidia, na mboga za majani kama lengalenga, sombe au matembele. Maharage na mboga hizo pia hurudisha damu kidogo kidogo. Kama ulipewa vidonge vya kuongeza damu, fahamu kwamba hufanya choo kuwa cheusi na kigumu, basi ongeza maji, na usiviache bila kuuliza.

Kikohozi kilichozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Na anayepika na akae upande usio na moshi.

Mkojo unaovuja usiku na mchana

Tofautisha mambo mawili. Anayevuja matone akikohoa, akicheka au akiinuka, huyo misuli yake imelegea, na mazoezi haya ni yake. Lakini mwanamke ambaye mkojo wake unatiririka wakati wote, amelala au amesimama, hata hapati hamu ya kwenda kukojoa, huyo pengine ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Huweza kuletwa na uchungu wa muda mrefu, na mara chache hutokea baada ya upasuaji wenyewe. Kubana misuli hakuzibi tundu. Aende kituo cha afya upesi, kwa kuwa fistula iliyogunduliwa mapema huweza kusaidiwa kwa mpira wa mkojo, na iliyokomaa hushonwa na daktari bingwa. Waliotoka Kivu ya Kusini wanaijua Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ambako maelfu ya wanawake wametibiwa maradhi haya. Upasuaji huo hufanyika pia katika nchi nyingine za ukanda wetu, na kituo cha afya cha kambi ndicho kitakachoandika rufaa.

Baba, sehemu hii ni yako

Mke wako hajakataa. Daktari ndiye amesema mngoje wiki sita, na muendelee baada ya kupimwa. Paliposhonwa juu ya uke pakifunguka ni hatari ya maisha, damu na utumbo havina mzaha. Baada ya hapo tendo la ndoa linawezekana, na wengi hulifurahia kuliko wakati walipokuwa wakitoka damu kila wiki. Mwanzoni nendeni polepole. Akihisi ukavu au maumivu, mweleze muuguzi wote wawili. Misuli ya mbeleko ikipata nguvu, nayo husaidia hapa. Hamtapata mimba, lakini magonjwa ya zinaa na virusi vya UKIMWI bado vinaambukizwa, hivyo kondomu haijapoteza kazi yake.

Na chota maji.

Usingoje kesho

Uchafu kidogo wa rangi ya kahawia au damu nyepesi ukeni kwa wiki chache ni kawaida. Tumia pedi au kitambaa safi, usiingize kitu ndani. Lakini nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata usiku, kama damu nyekundu inalowanisha pedi nzima kwa saa moja, au unatoa uchafu wenye harufu mbaya, una homa, kidonda kinatoa usaha au kimeachia, tumbo linauma sana au linavimba huku unatapika, mkojo haukutoki, mkojo unatiririka bila kukoma, au kuna kitu kimejitokeza ukeni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa nyuma ya goti au shavu la mguu, usiukande wala kuusugua, nenda. Kifua kikibana na pumzi ikakata ghafla, watu wakubebe.

Baada ya wiki ya sita

Rudi upimwe hata kama hujisikii vibaya. Ukiruhusiwa, rudi kazini kwa hatua. Bidoni ya lita 20 ichotwe nusu, yaani lita 10, na uone mwili unasema nini kwa wiki moja. Kinu, jembe na mzigo wa kuni vifuate baadaye, kuelekea wiki ya kumi na mbili, ukianza na kazi ya nusu saa na kupumzika. Ukihisi uzito chini au matone ya mkojo yamerudi, umekwenda mbio. Punguza mzigo, ongeza mazoezi.

Mazoezi ya mbeleko yenyewe hayana mwisho, ila baada ya miezi mitatu ya kwanza zamu moja kwa siku huwatosha wengi. Shika saa usiyoisahau: unaponyonyesha, unapochambua maharage, unaposubiri chai ichemke. Foleni ya bombani nayo ni nzuri. Simama, bana, hesabu mpaka kumi, achia, na uendelee kuongea na jirani yako kama kawaida.